Wazo Bila Shahidi

Mpenzi msomaji, kabla sijakupeleka Balkh, Roma na Harare, nataka nianzie hapa hapa kwetu Amani, kwenye baraza ya nyumba ya bibi yangu. Historia nitakayoisimulia haina kaburi wala mnara. Ni historia ya wasiwasi, na ya namna binadamu walivyojifunza kuusaili. Nimeamua kuiandika kwa sababu miaka mitatu iliyopita wasiwasi nusura unimalize, na vijana wengi wa umri wangu unawamaliza kimya kimya huku wakisema "niko poa".

Siku yenyewe ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Bibi alinituma Darajani nikamnunulie tende. Watu walikuwa wengi, kama ilivyo ada ya Darajani Idi inapokaribia. Ghafla moyo ukaanza kunienda mbio. Vidole vikaingia ganzi, pumzi ikawa fupi, jasho likanitoka. Na wazo moja likanijia, wazi kama mtu kaninong'oneza sikioni: "Unakufa." Niliziacha tende juu ya meza ya muuzaji, nikakimbia. Nilirudi Amani kwa miguu, maana nilijiambia kwamba nikibanwa kwenye daladala sitatoka hai.

Sikufa, kama unavyoona. Lakini tangu siku ile niliacha kwenda Darajani. Baadaye nikaacha daladala. Baadaye nikaacha msikiti siku ya Ijumaa kwa sababu ya umati, nikawa naswali nyumbani na kumdanganya bibi kwamba miguu inaniuma. Mwishowe dunia yangu ikawa na urefu wa kutoka kitandani hadi barazani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kujivunia. Riwaya niliyokuwa nikiiandika usiku ilikwama sura ya tatu. Kila nikishika kalamu, mnong'ono ule ule: "Wewe nani hata usomwe?"

Mtaani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema jini. Mwingine alisema moyo. Wa tatu, kwa mzaha, alisema huyu safari yake Kidongo Chekundu. Kwa msomaji asiye wa Unguja, Kidongo Chekundu ndipo ilipo hospitali ya wagonjwa wa akili, na midomoni mwa watu jina hilo limegeuka kuwa tusi. Neno hilo la mzaha ndilo lililonifanya nifiche hali yangu karibu mwaka mzima.

KADHI NA MASHAHIDI

Aliyenitoa humo ni muuguzi mmoja, mama wa makamo, kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja. Bibi ndiye aliyenikokota, akisingizia kwamba yeye anakwenda kupima presha na hataki kwenda peke yake. Tulipofika akanisukuma mbele: "Mpime huyu kwanza."

Mama yule alinipima, akaniuliza maswali mengi, kisha akasema, "Presha yako nzuri. Moyo wako hauna neno. Wewe una mawazo, mwanangu."

"Kwa hiyo najitia?" nilimuuliza kwa hasira.

"Nimesema una mawazo. Sikusema unajitia. Jino likiuma, nani anasema linajitia?"

Akachukua karatasi, akachora mistari mitatu ya kwenda chini, zikapatikana safu nne. Juu ya ya kwanza akaandika: Kumetokea nini? Ya pili: Wazo gani lilinijia? Ya tatu: Nikahisi nini? Na ya nne: Shahidi yuko wapi? "Ukishikwa tena," akaniambia, "usibishane na wazo, wala usilikimbie. Lipeleke mbele ya kadhi. Kadhi hamhukumu mtu kwa maneno matupu, anataka mashahidi. Nawe ukiambiwa unakufa, ulizia mashahidi."

Usiku ule niliandika kesi ya kwanza. Mahali: Darajani. Wazo: nakufa. Hisia: hofu, tisini na tano kwa mia. Mashahidi wa wazo: moyo kwenda mbio, ganzi, pumzi. Mashahidi wa kulipinga: moyo wangu huenda mbio vile vile nikicheza mpira na sijawahi kufa uwanjani, hali ile imenishika mara nyingi na kila mara imepita, presha imepimwa, nzuri. Nikaandika hukumu: Mwili wangu umeshtuka. Vibaya, lakini si kifo. Kisha nikajipima tena. Hofu ilikuwa imeshuka mpaka arubaini.

Nilishangaa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, nilitaka kujua: nani aliyebuni jambo hili? Nikajibiwa kwamba ni tiba ya kizungu, ya Marekani, inaitwa tiba ya fikra na tabia. Basi nikaanza kutafuta. Nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu tiba hiyo si ya kizungu kama nilivyoambiwa.

NENO LILILOVUKA BAHARI

Tuanze na neno lenyewe. Wasiwasi ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, na kule asili yake ni mnong'ono, hasa ule mnong'ono mbaya wa ndani ya kifua. Kila mtoto wa chuoni hapa Unguja analijua kabla hajajua kusoma, maana limo katika sura ya mwisho ya Msahafu, Suratun-Nas, ambayo ni miongoni mwa zile za mwanzo tunazohifadhi. Basi mababu zetu walipolipokea neno hili walipokea na maelezo yake: hofu huja kwa kunong'onezwa. Si mimi niliyesema nakufa. Niliambiwa.

Na tunalo neno jingine, hili la kwetu wenyewe: mawazo. Angalia ajabu ya Kiswahili. Mtu mwenye huzuni na fadhaa hatusemi ana huzuni tu, tunasema "ana mawazo". Ugonjwa tumeupa jina la kile kinachouzaa. Wataalamu wa Marekani walihitaji miaka mingi ya utafiti kufika hapo, na sisi tunalisema neno hilo kila siku kwenye kahawa bila kulitia maanani.

Aliyelitia maanani mapema kuliko wengi ni mtu wa Balkh, mji uliopo kaskazini ya Afghanistan ya leo. Aliitwa Abu Zayd al-Balkhi. Alizaliwa kwenye miaka ya 850 na akafariki mwaka 934. Wanajiografia wanamkumbuka kwa ramani zake, lakini aliandika pia kitabu kwa Kiarabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi. Humo aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulikia mwili peke yake, ilhali nafsi nayo huugua. Alizungumzia hasira, huzuni, hofu, na huo wasiwasi wenyewe, fikra zinazomrudia mtu bila ruhusa yake.

Dawa yake? Alishauri kwamba kama mtu mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua, basi aweke pia fikra nzuri, azitayarishe wakati moyo wake umetulia, ili hofu ikimjia awe na la kuitolea. Hebu fikiri. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya daftari langu! Mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri, aliyeishi kati ya 1932 na 2021, ndiye aliyeitafsiri sehemu ya nafsi ya kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 2013, na kwenye jalada lake akatangaza wazi kwamba tiba ya fikra na tabia ilikuwa ikifanywa na tabibu wa karne ya tisa.

Hata Balkhi hakuwa wa kwanza. Kabla yake palikuwa na Epictetus, mtu aliyezaliwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karibu mwaka 50, na akakulia Roma akiwa mali ya mtu. Mtumwa huyo, baada ya kuachwa huru, alifundisha kwamba kinachomsumbua binadamu si mambo yenyewe, bali hukumu anayoyapa mambo hayo. Sisi wa Unguja, ambao soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu, tunaweza kuelewa kwa nini fundisho kama hilo lilitoka kwa mtu wa aina hiyo. Mwili wake ulikuwa na mwenyewe. Hukumu zake zilikuwa zake.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1955 mwanasaikolojia Albert Ellis wa New York alianza kuwafundisha wagonjwa wake kubishana na imani zinazowaumiza, na hakuficha kwamba alimsoma Epictetus. Katika mji wa Philadelphia palikuwa na daktari Aaron Beck, aliyezaliwa 1921. Beck alikuwa mfuasi wa Freud, na wafuasi wa Freud waliamini kwamba mtu aliyezama katika huzuni kwa kweli ana hasira aliyojigeuzia mwenyewe. Beck akataka kulithibitisha hilo kwa kuchunguza ndoto za wagonjwa. Alitarajia kukuta hasira, akakuta kushindwa, kupoteza na kukataliwa. Kisha akagundua kwamba wagonjwa wake, hata wakiwa macho na wakizungumza naye, walikuwa na fikra nyingine zinazopita chini kwa chini, haraka haraka, zenyewe: "Ananiona mjinga." "Sitapona." Hawakuzitaja kwa sababu hawakuziona kuwa fikra. Waliziona kuwa ukweli.

Beck akawafundisha kuzikamata, kuziandika, na kuzidai ushahidi. Hapo katika miaka ya 1960 ndipo ilipozaliwa tiba niliyopewa mimi kwenye karatasi ya mistari mitatu. Beck mwenyewe aliishi miaka 100, akafariki Novemba 2021. Naye David Clark wa Uingereza, mwaka 1986, alieleza kisa changu cha Darajani kana kwamba alikuwepo: moyo unaongeza mwendo, mtu anajiambia nakufa, hofu ya kufa inauongezea moyo mwendo, na mtu anapata "ushahidi" zaidi. Gurudumu linazunguka lenyewe, mpaka mtu akatae kulisukuma.

USIKU WA POPOBAWA

Hapa, msomaji, nikakumbuka jambo. Ikiwa wazo lisilo na shahidi linaweza kumfungia kijana mmoja barazani, je, linaweza kuufungia mji mzima? Sikuhitaji kwenda maktaba. Nilimuuliza bibi.

Mwaka 1995 mie sijazaliwa, lakini nani wa Zanzibar hajasikia? Ilianzia Pemba, ndani ya Ramadhani, mwezi wa Februari, ikavuka hadi Unguja, na baadaye Dar es Salaam nayo ikasikia. Watu walisema kuna kiumbe, Popobawa, anayeingia majumbani usiku na kuwavamia watu vitandani mwao, wanaume kwa wanawake, uvamizi wa aibu ambao bibi hawezi kuutaja mbele yangu. Aliyevamiwa alisema alihisi uzito kifuani, akashindwa kupiga kelele, akashindwa hata kuinua kidole. Na ilisemekana kwamba asiyetangaza yaliyomfika, basi atarudiwa. Hivyo kila mtu alitangaza.

"Tulilala nje," bibi alisema. "Mikeka tuliitoa yote. Moto unawaka, wanaume wanakaa macho, sie wanawake na watoto katikati."

"Bibi, wewe ulimuona?"

"Sikumuona."

"Kuna unayemjua aliyemuona kwa macho yake?"

Alinyamaza. "Kila mtu alikuwa anamjua mtu aliyemuona."

Hali ya mtu kuzinduka akili huku mwili bado umelala, akahisi amekaliwa kifuani na mtu, inajulikana duniani kote. Sisi wenyewe tunayo tangu zamani, tunaiita jinamizi. Kule Newfoundland nchini Kanada wazee wao walisema ni ajuza anayemkalia mtu. Mtu aliyelala kwa hofu, akiamka amka, ndiye inayemshika zaidi. Basi kila usiku wa hofu ulizaa mashahidi wapya wa hofu, kama moyo wangu pale Darajani. Wako pia wanaosema, na mwanaanthropolojia Martin Walsh ameyaandika hayo kwa urefu mwaka 2009, kwamba mambo haya hayawezi kutengwa na siasa. Mwaka ule wa 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, na wazee wa Pemba wanakumbuka kwamba Popobawa alitajwa huko mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Mapinduzi. Watu walikuwa na hofu nyingi ambazo haikuwa rahisi kuzitaja. Hii moja ilikuwa na jina.

Nikamuuliza bibi, "Iliishaje?"

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu yeyote nyumbani kwetu. Alisema siku moja habari zilienea kwamba Popobawa amekamatwa mjini na ameuawa. "Nilipiga vigelegele," alisema. "Mimi na wenzangu, pale pale. Kisha tukasikia alikuwa mtu. Mgonjwa wa akili, mtoto wa watu."

Hayo ni kweli, yameandikwa. Mwaka ule kundi la watu lilimuua mtu mgonjwa wa akili mjini hapa kwa kumdhania kuwa ndiye Popobawa. Bibi amekaa na vigelegele vile kooni mwake maisha yangu yote. Nami nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa nikifikiria wale wa mtaani walionipangia safari ya Kidongo Chekundu. Mtu yule angeweza kuwa mimi.

Tangu siku ile nimeacha kuuamini usemi kwamba "ukizungumza tu utapata nafuu". Mwaka 1995 watu walizungumza. Walizungumza usiku kucha, mji mzima, wamekaa duara kwenye moto, na hofu ikakua. Kwani walikuwa wakiulizana "imekufika lini?" na si "umejuaje?" Maneno yasiyouliza swali huongeza kuni. Mazungumzo yanayoponya yana mtu anayesikiliza kwa huruma yote, halafu, bila kukucheka, anakuuliza: shahidi yuko wapi?

NGAZI

Lakini kuandika peke yake hakukunitoa barazani. Nilikuwa na madaftari mawili ya hukumu nzuri na bado nilikuwa sijavuka barabara. "Wazo umeshalishinda kwenye karatasi," muuguzi aliniambia, "sasa miguu nayo inataka ushahidi wake."

Sehemu hii ya tiba, ile ya tabia, ina mizizi Afrika. Joseph Wolpe alizaliwa Johannesburg mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi la Afrika Kusini, akiwatibu askari ambao vita viliwaingia mwilini na havikutoka. Aliona dawa za wakati ule haziwasaidii. Akaanza kutafuta njia ya kumzoesha mtu kile anachokiogopa, kidogo kidogo, kutoka kidogo kabisa mpaka kikubwa, huku mwili ukifundishwa kutulia. Aliichapisha njia hiyo katika kitabu mwaka 1958. Madaktari wa leo wameibadilisha hapa na pale, lakini ngazi imebaki ngazi.

Ngazi yangu ilikuwa na vidato sita. Cha kwanza: kusimama nje ya Uwanja wa Amaan wakati wa alasiri. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa Wachina, ukakarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 2023, na ninakotoka mimi ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja, lakini niliuona mbali kama Muscat. Cha pili: kupanda daladala kituo kimoja, kisha kushuka. Cha tatu: msikiti wa Ijumaa, safu ya mwisho, karibu na mlango. Cha nne: safu ya katikati. Cha tano: Darajani asubuhi, kabla hapajachangamka. Cha sita nilikiandika kwa herufi ndogo sana: Darajani, kumi la mwisho.

Masharti yalikuwa mawili. Nisiruke kidato. Na nikishikwa, nisikimbie mpaka hofu ishuke yenyewe, maana anayekimbia huondoka akiamini kwamba kukimbia ndiko kulikomuokoa. Pale uwanjani siku ya kwanza nilisimama dakika arubaini nimeshika ukuta, na mtoto mmoja akaniuliza, "Kaka, unamsubiri nani?" Nilimwambia namsubiri rafiki. Ilikuwa kweli kiasi fulani.

BENCHI LA HARARE

Utaniuliza: sote tutapata wapi muuguzi wa namna hiyo? Swali hilo liliulizwa Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Familia yake haikuwa na nauli ya basi ya kumleta Harare kwa daktari. Chibanda akaona kwamba kukaa hospitali na kungoja wagonjwa waje si tiba. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, alianza na mabibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, akawafundisha misingi ya tiba hii: kusikiliza, kumsaidia mtu achague tatizo moja, kulitafutia hatua. Mahali pa kazi palikuwa benchi la mbao nje ya kliniki, chini ya mti. Na ugonjwa hawakuuita kwa jina la kizungu. Waliuita kwa Kishona kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo mawazo yetu hayo?

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 573 mjini Harare. Baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ukavuka mipaka: Malawi, hapa kwetu Zanzibar, na hata New York. Kenya nako, mwaka 2017, yalichapishwa matokeo kuhusu wanawake 421 wa pembezoni mwa Nairobi, wengi wao waliopitia ukatili, waliosaidiwa kwa vikao vitano na wahudumu wa afya wa jamii wasio madaktari. Na mwaka 2020 yakatoka ya watoto yatima 640 wa Moshi na Bungoma, waliofundishwa kwa vikundi kuyakabili mawazo ya msiba. Huko faida ilionekana wazi zaidi upande wa Kenya kuliko Tanzania. Nalitaja hilo makusudi. Tiba inayodai ushahidi lazima nayo ikubali kudaiwa.

HOFU ZENYE MASHAHIDI

Sitaki nikudanganye, msomaji, kwamba kila wasiwasi ni uongo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na watu wengi mno wakapotea. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mtu wa visiwa hivi anayeogopa bahari ana mashahidi wa kutosha, na kumwambia "ni mawazo tu" ni kumtukana. Ukimpeleka mbele ya kadhi na akashinda, basi kazi inabadilika. Huulizi tena "ni kweli?" Unauliza "nifanye nini?" Kutopanda chombo kilichojaa kupita kiasi. Kujua maboya yalipo. Kuangalia upepo. Na ukishafanya lililo mikononi mwako, kuiacha ile sehemu iliyobaki.

Nami nilikuwa na wasiwasi wenye mashahidi: sina kazi, bibi anazeeka, na riwaya haijalipa hata bei ya kalamu. Kwa hayo nilifundishwa mbinu ambayo Thomas Borkovec na wenzake wa Marekani waliichapisha mwaka 1983. Unautengea wasiwasi nusu saa kila siku, mahali pamoja, wakati mmoja. Ukija nje ya wakati wake, unaandika neno moja na kuuambia usubiri. Saa yangu ni baada ya alasiri, barazani. Wasiwasi wa saa nane za usiku nauambia, "Njoo alasiri." Ukweli ni kwamba alasiri ikifika, wageni wengi hawatokei. Wanaotokea ndio wenye haja, na hao nawaandikia hatua: barua gani niandike, nani nimuone, sura gani niimalize wiki hii. Lakini mtu akifikia kuwaza kujidhuru, huo si wakati wa daftari. Amwambie mtu siku ile ile, na aende hospitali. Kidongo Chekundu si tusi. Ni mahali watu wanapotibiwa.

Ramadhani iliyopita, katika kumi la mwisho, nilikwenda Darajani. Mkabala na meza ya tende moyo ukaanza. Ganzi ikaja, mnong'ono ukaja. Nilisimama pale pale na kuuacha useme. Watu walinipiga vikumbo. Sijui zilipita dakika ngapi.

"Kijana," muuzaji alisema, "unanunua au unaangalia?"

"Nanunua," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka.

Magharibi bibi alifuturu na tende zile. Alitafuna moja polepole, akaigeuza kokwa mkononi, akaniuliza kama hizi ndizo alizonituma mwaka ule.

"Ndizo, bibi."

"Umechelewa," akasema, akachukua nyingine. Kisha, bila kunitazama, akaniomba nikimaliza kula nilete lile daftari na kalamu. Yeye hajui kuandika. Ana kesi ya mwaka 1995, anataka nimuandikie.